Kwa nini wanaohama Dar na familia kwenda mikoani wanarudi? Mimi naelekea Mpanda

#1 BabaNasra
Wakuu salama. Niende kwenye mada moja kwa moja. Natarajia kuhama Dar na familia yote, mke na watoto watatu, kwenda Mpanda. Kazini wamepunguza watu na mimi nimo, nilikuwa stoo. Walichonilipa si haba ila kwa hapa mjini nikikaa nacho kitaishia kwenye kodi ya miezi sita na ada na wageni wa kila wikiendi. Kuna rafiki yangu yuko kule ananunua mpunga na mahindi, anasema mashamba ya kukodi yapo na fremu mjini ukitajiwa kodi yake unacheka. Nimeamua kuanza upya.

Sasa kila ninayemwambia jibu lake ni "utarudi". Na kweli hapa mtaani namjua aliyekwenda Songea akarudi, aliyekwenda Kahama akarudi, fundi friji wetu alikwenda Mbarali kulima mpunga akarudi na yeye hana hata friji. Swali langu ni hilo tu, nini kinawarudisha? Wenye uzoefu tafadhali, kejeli hapana.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Kejeli utapata tu mkuu, hata ukiomba kwa barua.

#3 Kapuku Original
Mpanda si Rukwa huko kwa viboko? Utarudi hahaha

#4 Nyanda wa Inyonga
Kapuku rudi shule, Mpanda ni Katavi tangu 2012 mkoa ulipomegwa, Rukwa makao yake ni Sumbawanga. Viboko wapo Sitalike pale Mto Katuma, unawaona ukiwa darajani.

Mleta mada karibu sana. Mimi nikuambie kinachowarudisha watu wa Dar, ni kalenda. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba hivi inakwenda mpaka Aprili, hatuna vuli na masika kama nyie. Mtu analipwa kiinua mgongo chake Januari, anaaga mpaka Februari, anafika wenzake wanapalilia. Hapo ina maana atalima Novemba ijayo na kuvuna Mei au Juni ya mwaka unaofuata. Katikati hapo anakula nini? Anakula mtaji. Ikifika Novemba yenyewe hana hela ya mbegu, anamlaumu Mungu anapanda basi.

#5 Mzee wa Kaliua
Naunga mkono #4. Ila niongeze usafiri maana watu wanadanganyana, treni ipo. Mpanda ina reli tangu enzi za Mwingereza, aliichepusha pale Kaliua kufuata madini ya risasi, risasi ikaisha reli ikabaki na abiria. Mizigo ya ndani, vitanda, magodoro, treni ndo nafuu.

#6 dogo_tech
SGR inafika Mpanda tayari??

#7 Mzee wa Kaliua
Hapana kijana. SGR abiria wanaishia Dodoma. Hiyo ninayosema ni reli ya zamani, ya Mpanda unaipatia Tabora. Unalala njiani, unakula karanga, unazoeana na watu. Na sio kila siku, uliza ratiba kwanza usije ukalala stesheni na watoto.

#8 MamaWawili
Naona mnaongelea mvua na treni. Mimi NILIHAMA, kwa hiyo niacheni niseme. Tulitoka Tabata kwenda Sumbawanga na mume wangu, na tulirudi, na wala haikuwa mvua wala mtaji. Mume alikuwa na biashara yake ya vipuri inakwenda vizuri tu. Mimi ndo niliyeshindwa. Huku nilikuwa na saluni, nina kikoba cha wanawake kumi na tano, mtoto akiumwa usiku nina majirani watatu wa kugonga mlango. Kule nimefika sina mtu hata mmoja, mume anatoka asubuhi anarudi usiku anakuta nimenuna anauliza "kwani nini kimekosekana, si chakula kipo?" Baridi ya Sumbawanga nayo msiichukulie poa. Nikakaa nikakaa, nikasema mimi narudi kwa mama, ukipenda nifuate. Akanifuata.

Sasa BabaNasra nikuulize, kwenye maelezo yako yote umemtaja mkeo mara moja tu pale unapohesabu watu. Yeye anasemaje?

#9 Siti ya Mbele
Swali zuri. Nimevuta kiti karibu zaidi.

#10 Mangi Mstaarabu
Mama hapo juu kasema ukweli. Ila sisi kwetu Moshi kihamba, yaani shamba la ukoo, kimeshakatwa hadi hakuna cha kukatwa, tunahama tangu babu zetu, utatukuta Mpanda, utatukuta Tunduru, na hatulimi. Mtu unafungua duka. Anayehama Dar kwenda KULIMA wakati hajawahi kulima ndo anarudi. Stoo kipa umeshika jembe lini ndugu yangu? Wewe unajua hesabu za mzigo, fungua duka la pembejeo au vyakula, mwache mkulima alime uje umuuzie.

#11 Nyanda wa Inyonga
@Mangi nakubaliana nusu. Duka wilayani linategemea mavuno. Wakulima wakivuna mna sikukuu, baada ya hapo miezi inafika watu wanakopa mpaka sabuni. Mgeni hajui nani wa kumkopesha nani wa kumkatalia, daftari linajaa. Wenye duka wa Dar wamefilisika huku kwa daftari, si kwa kodi ya fremu.

#12 Mtendaji Mstaafu
Niongeze la ardhi, nimekaa ofisi ya kijiji miaka mingi nimeona vilio. Wengi wanarudi kwa sababu wameuziwa hewa. Mtu anamkuta mwenyeji, anaonyeshwa pori zuri, wanaandikiana kwenye karatasi ya daftari na mashahidi wawili, basi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, hata awe na mhuri mkubwa namna gani. Na Katavi eneo kubwa ni hifadhi ya taifa, mapori na misitu ya hifadhi. Unauziwa ekari zako hamsini, unasafisha, unapanda, siku inafika magari unaambiwa uko ndani ya msitu. Aliyekuuzia simu haipatikani.

Mwaka wa kwanza kodi shamba, usinunue. Uhame na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wako, ujiandikishe kijijini, uingie na kwenye daftari la wakulima la sivyo mbolea ya ruzuku utaisikia redioni.

#13 Kapuku Original
Nyie mnazunguka tu. Kinachorudisha watu ni kurogwa. Mgeni akianza kushika hela anapigwa kipapai. Shemeji yangu alikwenda huko huko upande wa Rukwa, akanunua trekta, trekta ikawa haiwaki ikifika shambani, ikirudi nyumbani inawaka. Mtalaamu gani ataeleza hiyo?

#14 Fundi Dizeli
Nitaeleza mimi. Chujio la dizeli limejaa uchafu, barabarani trekta tupu inakwenda, shambani ukiitia mzigo inakosa pumzi. Mwambie shemeji abadilishe filta aache kutukana wenyeji.

#15 Siti ya Mbele
Hahahaha filta!!! Kapuku umejibiwa kitaalamu

#16 Kapuku Original
Alibadilisha!

#17 Fundi Dizeli
Aliweka feki.

#18 ng'wana_mabula
Kuna kitu kimoja nashangaa hakuna aliyekisema. Mnauliza kwa nini watu wa Dar wanarudi, mbona hamuulizi kwa nini Wasukuma HATURUDI? Babu yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe, wakashuka Tabora, wakakaa, wakashuka tena mpaka bonde la Rukwa. Mpaka leo tuko huko, wengine wameteremka Mbeya mpaka Usangu, walipoondolewa kwenye bonde oevu la Ihefu huko huko Usangu 2006 na 2007 wakapelekwa Lindi, na huko Lindi wapo. Sababu ni kwamba hatuhami mtu mmoja na mke na begi. Kwanza wanatangulia vijana, wanaangalia maji na majani, wanalima kidogo, wanajenga kibanda. Mwaka unaofuata wanakuja wengine. Mama na watoto wakifika wanakuta chakula kipo ghalani na shangazi yupo nyumba ya pili. Kwa hiyo yale ya @MamaWawili hayatokei, majirani unahama nao.

BabaNasra unakwenda kwa rafiki. Rafiki mmoja sio ukoo. Akigombana na wewe umebaki na nani?

#19 Mtendaji Mstaafu
Ni kweli Wasukuma hawarudi. Na wenyeji Wapimbwe na Wakonongo wana maoni yao kuhusu hilo, lakini tusifungue huo mlango.

#20 ng'wana_mabula
Hahaha mzee tuache na ng'ombe wetu.

#21 Mtoto wa Katumba
Nimesoma nadharia ya ukoo naona sio yote. Mimi nimezaliwa Katumba, Mpanda hapo hapo. Wazazi wa wazazi wetu walikimbia Burundi 1972, walifika bila mtaji, bila kalenda, na ukoo umesambaratishwa, mtu hajui kaka yake kama yu hai. Wakapelekwa porini, kila familia ikaonyeshwa eneo la kufyeka, mbung'o na simba humo humo. Leo muulize mfanyabiashara yeyote Mpanda, mahindi na maharage ya Katumba anayajua. Baadaye watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakapewa uraia. Hawakurudi kwa sababu moja tu, hapakuwa na pa kurudi.

Mtu wa Dar anarudi kwa sababu chumba cha dada yake Mbagala bado kipo.

#22 Mangi Mstaarabu
Duh. Hiyo nzito.

#23 Mwalimu Chaki
@Mtoto wa Katumba umegusa penyewe, lakini tusiwashauri watu wajifungie njia. Nina mfano wa upande mwingine, Dodoma. Serikali ilipohamia kweli kweli kuanzia 2016 wafanyakazi wengi walihamishwa, mshahara upo, ofisi ipo, wenzako wote mmehama pamoja, yaani yale masharti ya mtaji na ukoo yametimia. Bado wengi waliacha familia Dar. Ijumaa mchana ofisi nyeupe. Na tangu treni ya SGR ianze 2024 ndo imekuwa rahisi zaidi kutohama. Kwa hiyo labda watu hawashindwi kuishi mikoani, Dar yenyewe ndo haimwachii mtu.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu: watoto wako madarasa ya ngapi? Uhamisho wa shule ya msingi unafanyika kwenye mfumo, mtoto ana namba yake humo, inaitwa namba ya PReM, mwalimu mkuu wa huku anamtoa na wa kule anampokea. Usimtoroshe mtoto halafu ukafika kule unaanza kupiga simu. Kama yupo la nne au la saba na ameshasajiliwa mtihani, mwache amalize kwanza. Hamieni Desemba, Januari mtoto anaanza na wenzake.

#24 Nyanda wa Inyonga
Mwalimu Desemba watu wameshapanda!

#25 Mwalimu Chaki
Basi baba atangulie Septemba akatayarishe shamba, mama na watoto wafuate Desemba. Ndo utaratibu wa Wasukuma huo huo.

#26 MamaWawili
Baba atangulie peke yake miezi mitatu Mpanda. Haya. Mkifika Desemba mnakuta na mama mdogo.

#27 Siti ya Mbele
😂😂😂 Nimemwaga chai

#28 BabaNasra
Wakuu nashukuru, nimesoma zote. Niwajibu kwa kifupi. Watoto wapo la pili, la tano na mdogo hajaanza. Kulima nimelima kwetu Kilosa nikiwa kijana, @Mangi sio mgeni wa jembe kiasi hicho. Shamba nitakodi kama mzee alivyosema.

@MamaWawili kuhusu mke. Mke anajua tunahama na amekubali. Ila hajajua ni Mpanda. Nilimwambia mkoani, yeye akachukulia Morogoro kwa sababu kwetu ni huko, na mimi sikumkatiza.

#29 MamaWawili
Hukumkatiza???

#30 dogo_tech
bro kutoka moro mpk katavi 💀

#31 Mangi Mstaarabu
Uzi ufungwe, sababu imepatikana.

#32 Siti ya Mbele
Yaani mama wa watu amefunga vyombo anajua anakwenda Msamvu, anashangaa Morogoro imepita, Dodoma imepita, Singida imepita, "baba Nasra bado hatujafika tu?"

#33 Mzee wa Kaliua
Vijana acheni kucheka, hili ni jambo kubwa. Bwana BabaNasra, kaa na mkeo leo hii. Mkiwa na wazee ni bora zaidi.

#34 Binti Mchumi
Nilikuwa msomaji tu ila hili limenitoa. Naomba nipinge uzi mzima. Mnajuaje kwamba wanaohama wanarudi? Unawajua waliorudi kwa sababu WAMERUDI, wako mtaani kwako, unakutana nao kwenye genge wanakusimulia. Aliyekwenda Makambako akafungua duka la mbao likakubali humuoni, hana shida na Mbagala, labda hata namba alibadilisha. Mama yangu mkubwa alihamia Babati na watoto wanne baada ya talaka, mpaka leo yuko huko, ukoo wetu hapa Dar ukitaja watu waliohama hakuna anayemtaja yeye, wanamtaja mjomba aliyerudi kutoka Ifakara na deni. Kwa hiyo mnatafuta sababu ya kitu ambacho hamjathibitisha.

#35 Mwalimu Chaki
Hoja safi sana hii. Ila fundi friji karudi kweli.

#36 Binti Mchumi
Fundi friji ni mmoja mwalimu.

#37 Mtu wa Kausha Damu
Nimesoma mpaka hapa naona mnaogopa kuuliza. Mleta mada unahama au unakimbia? Maana mimi ni afisa mikopo, hizi ndogo ndogo mnazoziita kausha damu, na nawajua wateja wangu. Nusu ya "naanza upya mkoani" ni mtu ana marejesho ya kila siku sehemu tatu na kadi ya gari au samani zake zimeandikwa. Huyo lazima arudi kwa sababu deni linamfuata kwenye simu, wadhamini wake wamekamatwa shingo huku, mama mkwe anapigiwa. Kule anafika anakopa tena kulipa la huku. Kama una deni lipa kwanza na hiyo hela ya kiinua mgongo, uhame na kidogo ila uhame mweupe.

#38 Kapuku Original
Kumbe mpo humu! Wakuu jamaa yupo humu mfichieni avatar zenu

#39 Mtu wa Kausha Damu
Kapuku wewe nakujua, usinichokoze.

#40 Siti ya Mbele
Kapuku kimyaaa

#41 BabaNasra
Deni ninalo dogo, sio la kukimbia. Kinachonikimbiza nikiwa mkweli ni wageni na lawama. Mimi ndo wa kwanza kwetu kuja Dar kwa hiyo kila anayekuja mjini anafikia kwangu, kila msiba mimi, kila ada mimi. Sasa sina kazi na hakuna anayeamini. Nikiwa Mpanda angalau wataamini.

#42 ng'wana_mabula
Hahaha kaka wewe unahama ukoo, mimi nakuambia uhame na ukoo. Ndo maana hatuelewani.

#43 Binti Mchumi
Hiyo sababu naielewa kuliko zote zilizotajwa. Mama mkubwa naye Babati alipata amani kwa sababu ya umbali.

#44 MamaWawili
Pole kaka, hilo la wageni ni kweli linachosha. Lakini lawama hazihitaji nauli, zinafika kwa simu.

#45 Mama Ntilie wa Majimoto
Mie nipo huku Mpimbwe, Katavi hii hii, mwaka wa nne, nimetoka Temeke, sijarudi na sina mpango. @Binti Mchumi nipo, mnihesabu. Nilikuja na mume, mume ndo karudi 😄. Nauza chakula wakati wa mavuno, madereva wa mizigo wanajaa, baadaye nanunua mpunga mkavu naweka, bei ikipanda nauza. Ushauri wangu kwa mke wa BabaNasra, sio kwako wewe: aje na kitu chake mkononi, cherehani, sufuria, jokofu, chochote cha kumwingizia hela yake mwenyewe wiki ya kwanza. Watu utawapata ukiwa unauza kitu, ukikaa ndani kusubiri majirani hawaji. Na vyandarua aje navyo vya kutosha, malaria ya huku usiifananishe.

Mizigo usikodi gari kutoka Dar kwa bei ya kwenda. Tafuta Fuso iliyoleta mchele Dar inarudi tupu, dereva anashukuru kupata hela ya mafuta. Siku hizi lami ya Tabora kuja Mpanda ipo, zamani pale Koga mvua ikinyesha mlikuwa mnalala porini.

#46 BabaNasra
Dada asante sana, hii naiprinti. Jana usiku niliongea na mke. Nilimwonyesha kwenye ramani ya simu. Alikaa kimya, akakuza ramani akasema "hapa si karibu na Kongo?" Nikamwambia ziwa lipo katikati. Hajasema ndiyo hajasema hapana, amesema anataka kuongea na huyo rafiki yangu yeye mwenyewe, na mke wa huyo rafiki.

#47 MamaWawili
Mke wa rafiki ndo wa kuongea naye. Mwanamke ana akili, msikilize.

#48 Mangi Mstaarabu
Kama rafiki hana mke usihame.

#49 Nyanda wa Inyonga
Mimi bado nasema ni kalenda. Mnaweza mkaongea na wake wote wa Katavi, ukifika Februari umechelewa.

#50 Kapuku Original
Na filta.

#51 dogo_tech
swali nje ya mada, @Mama Ntilie huo mchele wa huko unafananaje na wa Kyela?

#52 Mama Ntilie wa Majimoto
Wa huku unachambuka na harufu ipo. Wa Kyela wana jina tu.

#53 Mnyakyusa Halisi
Nilikuwa napita kimya kimya ila hapo kwenye jina tu naomba urudie.

#54 Mama Ntilie wa Majimoto
Nusu ya mnaoula Dar kwa jina la Kyela umepakiwa huku mbele ya macho yangu, gunia linabadilishiwa jina njiani.

#55 Mnyakyusa Halisi
Ushahidi?

#56 Mtu wa Kausha Damu
Nenda Tandale sokoni alfajiri wanaposhusha, muulize dereva ametoka wapi kabla hajamwona dalali.